Matembezi ya pamoja Nyanda za Juu Kusini: maswali ya kujiuliza kabla ya kuchukua fulana

Mvua zikikatika, matangazo ya matembezi huanza: ya kanisa, ya shule, ya kuchangia wodi ya wazazi. Kilomita 5 au 10, hakuna mshindi, kila anayefika amemaliza. Haya ndiyo maswali yanayojirudia.

Mimi ni mkulima, natembea kila siku. Matembezi haya ya nini tena?

Kwa afya ya moyo, pengine huyahitaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwenda shamba, kulima kwa jembe la mkono na kurudi na mzigo ni zaidi ya hapo. Njoo kwa ajili ya mchango na kukutana na watu.

Anayelengwa hasa ni muuza duka, karani, mwalimu, dereva wa daladala ya Uyole anayekaa kwenye usukani tangu alfajiri. Na sisi tunaoita bodaboda kutoka Kabwe hadi Mafiati, hapa Mbeya mjini, mwendo ambao bibi zetu wasingeuhesabu kuwa safari.

Kama hakuna mshindi, kwa nini watu wanakimbizana?

Kwa sababu ya namna tunavyoanza. Tarumbeta likilia, watu wote wanaondoka kwa mkupuo mmoja, vijana mbele, na baba wa miaka 60 hataki kuonekana wa mwisho. Kwenye kilima cha kwanza tayari anahema.

Ulaya, matembezi ya aina hii yalishamiri miaka ya 1960 kwa watu waliochoshwa na mashindano yanayompendelea mwenye mbio. Mwaka 1968 vyama vya Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein viliunda shirikisho lao mjini Lindau. Kwao, mtu huanza saa yoyote ndani ya muda uliotangazwa, hufuata alama za njia, na mwishoni kijitabu chake hugongwa muhuri. Saa aliyofika haiandikwi. Waandaaji wetu wangeiga hilo, hata kwa kuruhusu watu waanze kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, nusu ya matatizo yangekwisha.

Nitajuaje kasi inayonifaa?

Uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini kuimba kukushinde. Ukiwa unaitikia nyimbo za mchakamchaka vizuri kabisa, ongeza mwendo kidogo. Ukijibu kwa neno mojamoja, punguza.

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Kyela asishangae moyo kumwenda mbio. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Si ugonjwa. Ugonjwa wa miinuko kwa kawaida huanza kusumbua juu ya mita 2,500, kwa hiyo matembezi ya Kitulo, uwanda ulio juu ya kiwango hicho, yanahitaji subira zaidi ya yale ya mjini.

Nina presha, na mama yangu ana kisukari. Twende?

Wewe mwenye presha, kama dawa zimeidhibiti, nenda, na usiruke dozi ya asubuhi. Kipimo kikiwa 180/110 au zaidi, ahirisha na uanzie kituo cha afya.

Mama anahitaji maandalizi zaidi. Akitumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), sukari inaweza kushuka njiani, hata saa kadhaa baadaye, usiku akiwa amelala. Azungumze na kliniki yake kuhusu dozi ya siku hiyo, ale kabla ya kutoka, na asitembee peke yake. Awe na soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akianza kuongea yasiyoeleweka, akae, anywe nusu glasi, asubiri dakika 15. Asipopata nafuu arudie. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, awahishwe hospitali. Tena miguu yake ikaguliwe jioni, nyayo na katikati ya vidole, maana mwenye ganzi hasikii kidonda kinapoanza.

Viatu?

Raba za mitumba ulizokwisha kuzizoea ni bora kuliko mpya za dukani ulizonunua jana. Kwenye mteremko kaza kamba, vidole visigonge mbele. Kandambili ziache nyumbani. Lengelenge likitokea usilitumbue, lifunike.

Asubuhi kuna baridi kali. Maji ninywe ya nini?

Jasho hutoka hata kama hulioni, na kwenye baridi kiu huchelewa. Kunywa kidogokidogo. Vaa sweta utakayoweza kuifunga kiunoni, na kofia, kwani jua la mlimani huchoma hata upepo ukiwa wa baridi. Wenye ualbino waongeze mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, isibaki kwenye gari. Ulanzi, pombe ya mianzi, usubiri hadi utakapokuwa umekula na kunywa maji.

Nina mwezi mmoja tu wa kujiandaa. Unatosha?

Kwa kilomita 5, ndiyo. Na mwezi huo ndio wenye faida kwa mwili. Siku moja kwa mwaka huacha maumivu na picha. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwishoni mwa wiki ongeza hadi saa nzima, ukipita angalau kilima kimoja.

Wakati gani niache hapohapo?

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, kizunguzungu, pumzi isiyorudi hata ukipumzika. Kaa chini, mwite msimamizi, usisubiri kufika uwanjani.

Keshoyake mapaja yanauma hata kushuka ngazi. Nimeumia?

Huenda hapana. Kuteremka huchosha misuli ya mapaja, na maumivu hukomaa siku ya pili kisha hupungua. Tembea taratibu, usilale kutwa. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.