Lifti ya maji ikikuacha katikati, angalia maji kwanza

Haipiti wiki bila mtu kunitumia skrinishoti ya lifti yake ya maji kwa gemu ya Minecraft, amejenga safi kabisa, vioo pande zote, mchanga wa roho (soul sand, ile bloku ya kutoa viputo) uko chini, lakini ikifika nusu inamwacha hapo anaanza kuogelea mwenyewe, alafu ananiuliza kama mchanga umeisha nguvu. Mchanga hauishi nguvu wasee. Shida iko kwa maji na hapo ndipo vidio nyingi hupita mbio.

Lifti yenyewe inaendeshwa na viputo, yale mapovu yanayopita ndani ya maji, na vililetwa na apudeti ya 1.13, Julai 2018. Ukiweka mchanga wa roho chini ya maji vinakurusha juu, ukiweka bloku ya magma vinakuvuta chini. Sasa sikizeni vizuri: kwa hii gemu kuna maji ya chanzo, yaani yale yamekaa pale ulipomwaga ndoo, na kuna maji yanayotiririka tu kutoka kwa hayo. Viputo hupanda kwa maji ya chanzo peke yake. Ni kama kupandisha koroga kwa mjengo, watu wa mkono wamejipanga kwa ngazi wanapeana karai, mmoja akikosekana karai linasimama hapo hapo hata kama wa juu wote wako tayari. Kwa hivyo ukiona viputo vimekatika, weka macho kwa ile bloku vinaishia, inayofuata juu yake ndiyo inatiririka.

Unaweza kumwaga ndoo bloku kwa bloku, kwa mnara mfupi hakuna neno. Lakini saa hii vijana wa mtaa tunajenga KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, kwa seva yetu, na ile ya ukweli ni ghorofa 28, mita 105, na bloku moja huhesabiwa mita moja, sasa nani atamwaga ndoo 105? Na wale wa kuchimba almasi ndio mbaya zaidi, tangu apudeti ya 1.18 almasi nyingi ziko kule chini karibu na kimo cha -59, kutoka hapo mpaka usawa wa bahari ni bloku zaidi ya 120.

Dawa ni kelpi, ule mwani mrefu unaomea baharini (kwa bahari za joto hutaipata, tafuta za kawaida ama za baridi). Jenga shimo lako la bloku moja, chini kabisa weka udongo wa kawaida, usiguse mchanga wa roho bado. Kwa mlango weka vibao viwili vya maandishi (sign), kimoja juu ya kingine, kwa sababu maji hayapiti kibao lakini wewe unapita. Mwaga ndoo moja tu juu, ngoja maji yateremke mpaka chini, alafu ingia upande kelpi kwa ule udongo, na juu yake nyingine, na nyingine, unapanda nazo hivyo mpaka juu kabisa bila kuruka hata bloku moja. Pale kelpi inakaa, maji yaliyokuwa yanatiririka yanageuka chanzo. Hiyo kitu bado hunifurahisha mpaka leo. Ukimaliza rudi chini uvunje ile ya kwanza, zote zinakatika pamoja na kuelea juu, maji yanabaki. Toa udongo, weka mchanga wa roho, na utaona viputo vikipanda mbio kutoka chini mpaka juu bila kukatika. Usiogope kukosa pumzi, ndani ya viputo pumzi inajaa yenyewe.

Juu kabisa hakikisha bloku ya mwisho ya maji iko sawa na sakafu, isipite, ndio isimwagike kwa nyumba. Unarushwa nje kidogo na unatembea zako.

Kama umefuata yote na hakuna hata kiputo kimoja, angalia umeweka nini pale chini. Kule Nether, ule ulimwengu wa moto wa gemu, kwa lile bonde la mchanga wa roho kuna pia udongo wa roho, zinafanana sana ukichimba kwa haraka, na huo udongo hautoi viputo kabisa. Na usijaribu kujenga hii lifti huko Nether kwenyewe, maji ukimwaga yanakauka.

Kushuka mimi sipendi magma, ukifika chini inakuchoma miguu usipobonyeza kitufe cha kuinama. Acha shimo la pili likiwa tupu na bloku moja ya maji chini, ruka tu, hata kama ni kutoka juu ya KICC hutaumia. Na ile ya kupanda si ya kubeba watu tu, ukirusha mawe na almasi ndani zinapanda pia, weka hopa (bloku ya kunyonya vitu) na sanduku juu zikungoje huko.