Je, wajua kwa nini twita za gari, zile spika ndogo za sauti nyembamba, huungua wakati sabufa, spika kubwa ya besi, bado inadunda?

"Fundi, sabufa inapiga, spika za milango zinapiga, ila twita zimekata zote mbili." Fundi anabandua kifuniko cha plastiki pembeni ya kioo, anagusisha mita kwenye waya, kimya. "Zimeungua hizi, kaka." Mwenye gari analaani bidhaa feki na kwenda kununua nyingine. Kweli, feki zipo. Lakini hata twita nzuri haidumu ikipewa kazi isiyo yake.

Sikio la binadamu husikia masafa ya kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000 hivi, na hakuna spika moja inayoimudu safari hiyo yote. Sauti nzito inadai kusukuma hewa nyingi. Ukishusha masafa kwa nusu na bado unataka sauti ya ukubwa uleule, kiwambo cha spika lazima kicheze mbele na nyuma mara nne zaidi. Sabufa ya inchi 12 imeundwa kwa mchezo huo. Twita ina kiwambo cha kama inchi moja na koili ya waya mwembamba sana. Ipelekee besi, kiwambo kitafika mwisho wa mwendo wake, koili itapata moto na waya utakatika. Sabufa haina habari, inaendelea kudunda.

Kazi ya kugawa masafa, kila spika ipate fungu lake, ndiyo ya krosova. Kamata twita ya bei ya kawaida na ufuate waya wake: utakuta kipipa kidogo kimeungwa njiani. Hicho ni kapasita, nayo ndiyo krosova rahisi kuliko zote. Kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye twita ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huanza kuzuia kuanzia karibu hezi 4,000 kushuka chini. Sasa fundi akikubadilishia twita ya omu 8 na kuacha kapasita ileile, mpaka unashuka hadi karibu 2,000 bila mtu yeyote kugusa kitu. Tena inazuia kwa upole: kila masafa yanaposhuka nusu, nguvu inayopenya hupungua hadi karibu robo tu. Ukifungulia muziki kwa nguvu barabara ya Iringa, vioo vikiwa wazi, robo hiyo inatosha kuua.

Krosova ya elektroniki inafanya kazi hiyo mahali pengine kabisa. Inakaa kati ya redio na amplifaya, inapokea mawimbi yakiwa bado madogo kupitia waya za RCA (zile za kupitisha mawimbi ya sauti kutoka redio), inayagawa, kisha kila fungu linakwenda kwenye amplifaya yake. Kwa kuwa haikutani na spika moja kwa moja, omu za spika hazihamishi mpaka wake. Na nyingi hukata kwa desibeli 24: masafa yakishuka nusu, nguvu inabaki kama sehemu moja kati ya 250. Huo ni ukuta.

Kabla hujatoa hela kununua krosova hiyo, hesabu chaneli za amplifaya ulizonazo, yaani njia zake za kutolea sauti. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Twita mbili, spika mbili za mlango na sabufa zinataka chaneli tano, kila moja na yake. Kama una amplifaya ya chaneli nne inayoendesha milango na sabufa, na twita zinategemea kapasita, krosova ya elektroniki ya kununua kando haitakusaidia kitu. Amplifaya nyingi zina vichujio vyake tayari, vimeandikwa HPF (hupitisha masafa ya juu) na LPF (hupitisha ya chini), na hivyo vinatosha. Angalia pia redio. Magari mengi tunayoyapata kutoka Japani huja na redio ambayo FM yake huishia 90 au 95, wakati stesheni zetu hufika 108, kwa hiyo wengi huzibadilisha. Redio mpya mara nyingi ina krosova ndani ya menyu ambayo mwenye gari hajawahi kuifungua.

Ukiona kweli unaihitaji, kitu cha kukagua kwa makini ni vitufe. Baadhi ya krosova zina swichi ndogo ya x10 inayozidisha masafa mara kumi. Mpaka wa twita ulioweka 4,000 unageuka 400 ukiizima swichi hiyo kimakosa, na twita hazitamaliza wimbo. Halafu kuna vumbi letu. Likiingia kwenye vitufe vya kuzungusha, sauti inaanza kukwaruza kila ukivigusa, kwa hiyo mimi ningechagua yenye kifuniko hata ikizidi bei kidogo. Isifungwe kwenye dashibodi inayochomwa na jua siku nzima. Chini ya kiti panafaa. Ethi yake (waya wa hasi) na ya amplifaya zifungwe sehemu moja kwenye bodi ya gari, la sivyo utasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Kwa kuanzia, weka sabufa chini ya hezi 80, milango 80 hadi 3,500, twita juu ya hapo. Hata ukiwa na krosova, acha kapasita kubwa kidogo kwenye waya wa twita, ya mikrofaradi 30 hivi, izuie mshindo wa amplifaya inapowaka. Jaribu kwa muziki wa Kigogo: ngoma za muheme wanazozibana akina mama mapajani huku chini, ilimba (kinanda cha vidole gumba) na zeze juu. Ngoma zikisikika kutoka nyuma ya gari kana kwamba zimejitenga na waimbaji, shusha mpaka wa sabufa hadi 70 au 60, na wa milango ushuke nao. Ilimba ikichoma masikio, pandisha mpaka wa twita kidogo kidogo, au punguza geini yake, yaani kiwango cha nguvu inayopewa.