Uwanja wa Kaya: Kutoka Tembe hadi Kiwanja chenye Hati

Katika kazi yangu ya mipango miji hapa Dodoma nimezoea kuisoma historia ya siasa ya nchi yetu kwenye ramani za viwanja. Naamini maamuzi makubwa ya serikali yamewagusa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, kwa kina zaidi pale yalipobadilisha umbo la nyumba zao. Anayetaka kujua desturi zilivyogeuka aanze na uwanja uliokuwa katikati ya kaya, kisha afuatilie ulikoishia.

Tembe ilikuwa nyumba ya kimo kifupi, yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo na paa bapa lililoshindiliwa udongo juu ya boriti, jambo linalowezekana katika nchi kavu ambayo wastani wa mvua zake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Vyumba viliuzunguka uwanja, na usiku ng'ombe walilala humo. Kila mke alikuwa na vyumba vyake na akiba yake ya mtama na uwele, na mke mwenye kihenge chake si mtu wa kutishwa ovyo. Juu ya paa ilianikwa nafaka pamoja na majani ya mlenda. Uwanja huohuo ulikuwa mahali pa kupokea wageni, pa kuomboleza, pa wanawake kupigia ngoma ya muheme, na pa wazee kukubaliana mahari huku ng'ombe wanaotajwa wakionekana kwa macho. Malisho yalipokwisha au ukame ulipozidi, kaya ilihama na kujenga tembe nyingine mbele ya safari.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilikata uhuru huo wa kuhama. Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, familia zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa katika vijiji vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino kushiriki ujenzi. Huduma zilisogea karibu, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, nyumba ya kijijini ilikuwa ya mstatili, iliyoelekea barabarani, na ng'ombe wakapangiwa zizi pembeni. Kijana aliyezaliwa humo alijifunza kumtambua jirani kwa mstari wa nyumba, wakati babake alimtambua kwa ukoo.

Mwaka 1973 ukafanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 ukakamilika mpango mkuu ulioandaliwa na kampuni ya Kanada. Kwa miaka mingi mji ulikua polepole, na mwenye kiwanja alimilikishwa kwa miaka 33 tu, muda usiomwezesha mtu kusema kwamba anawajengea wajukuu. Kasi ilikuja baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia kwa dhati. Mamlaka ile ikavunjwa mwaka 2017 na umiliki ukaongezwa kuwa miaka 99. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini hapa. Ya 2022 ikahesabu 765,179.

Ongezeko hilo limetua juu ya mashamba ya Wagogo huko Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu na kwingineko. Katika upimaji shirikishi, mwenye shamba hubakiwa na sehemu ya viwanja vinavyopatikana. Mara nyingi huuza kimoja kulipia gharama za upimaji, kingine kwa ajili ya ada za watoto, na ng'ombe hupelekwa kwa jamaa Bahi au Chamwino. Anachojenga kwenye kilichobaki ni nyumba ya bati la rangi yenye ukuta na geti. Mahari sasa hujadiliwa sebuleni: ng'ombe bado anatajwa, lakini anahesabiwa kwa shilingi na kuandikwa kwenye daftari.

Uwanja haujafa, umehamia barabarani. Nendeni Chang'ombe au Nkuhungu hapa mjini siku ya msiba au ya harusi muone: turubai limefunga mtaa kutoka ukuta hadi ukuta, masufuria yako juu ya mafiga kando ya mtaro, wanaume wamekaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, na bodaboda wanageuza bila kugomba. Baadhi ya wataalamu wenzangu huita hali hiyo uvamizi wa barabara. Kwangu mimi ni ukosoaji wa michoro yetu, kwa sababu maeneo ya wazi tunayotenga huwa mbali na nyumba na hayana wenyewe, hivyo yanaishia kuwa jalala au kumegwa.

Ninachopendekeza ni kwamba, tunapopima shamba la familia moja, viwanja vinavyobaki kwake vipangwe pamoja kuzunguka uwanja mmoja unaomilikiwa kwa ubia, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua umiliki wa namna hiyo. Ugumu utakuwa kuamua nani alipe kodi ya ardhi ya uwanja huo, na nini kifanyike siku ndugu mmoja atakapotaka kumuuzia mgeni kiwanja chake. Mambo hayo mawili ni lazima yaandikwe na kutiwa saini na familia kabla mpimaji hajachomeka bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kwanza.