Kabla Hujabandika Kitu Ukutani

Kazi yangu ni kupima sauti ndani ya majengo, na wapangaji wa Nairobi huniuliza sana, "Nibandike nini ukutani?" Mara nyingi nawaambia wasibandike chochote mpaka tujue kelele inaingilia wapi.

Redio, mazungumzo na kilio cha mtoto husafiri hewani na kutafuta upenyo. Ukuta wa mawe uliopigwa plasta huzuia sauti hizo vizuri; mlango unaoacha nafasi chini ndio unaozikaribisha. Katika majengo mengi ya Roysambu au Umoja milango hutazamana kwenye korido nyembamba yenye taili, sauti ikadunda huko isififie. Ziba pembeni kwa mpira, chini weka brashi. Trei za mayai waachie wauza mayai: kuzuia sauti kunataka uzito, na trei ni karatasi.

Visigino, kiti kinachoburutwa, mchi kwenye kinu: hizi ndizo kelele zinazovunja ujirani. Zinaingia kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, zinasafiri ndani ya zege na kushuka na kuta. Ndiyo maana dari ya jipsamu, ambayo watu huilipia pesa nyingi, huwavunja moyo. Ndiyo maana pia unaweza kumnunia jirani wa juu mwezi mzima kumbe mwenye kinu anaishi upande wa pili, au ni pampu ya maji iliyofungwa kwa boliti kwenye zege bila mpira. Andika saa unazosikia kelele, kisha muulize keateka, msimamizi wa jengo, pampu huwashwa lini.

Ikiwa kweli ni wa juu, dawa iko sakafuni kwake: kapeti nzito, na vipande vya mpira chini ya miguu ya viti. Mimi huwashauri watu wavinunue wenyewe, wapande navyo jioni, si usiku wa manane wakiwa na hasira. "Hodi, Mama Imani. Habari za jioni? Nimewaletea hivi vya miguu ya viti, huko chini tunasikia kila kiti kikivutwa." Ni nadra mtu kukataa.

Wufa, ile spika ya besi, ni shida ya aina yake, kwa sababu besi hupenya hata ukuta mnene. Mwombe jirani aitoe kwenye kona, maana kona huikuza besi, aiweke juu ya kipande cha godoro, na apunguze besi badala ya kuzima muziki.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za makazi, na usiku huanza saa mbili na dakika moja. Thelathini na tano ni kidogo mno. Ukikaa karibu na Barabara ya Thika, magari peke yake huenda yakaipita. Kwa hiyo programu ya simu isikupe kiburi, hasa kwa kuwa haijasawazishwa kama kipimo changu.

Kinachosahaulika ni kwamba kanuni hizo haziangalii desibeli tu. Zinauliza pia saa, kama kelele inajirudia, na kama mwenye kuipiga angeweza kuidhibiti bila taabu wala gharama kubwa. Ukimfikia landilodi au afisa na daftari lako la saa, pamoja na habari ya vipande vya mpira ulivyopeleka vikakataliwa, swali hilo la mwisho umeshalijibu.