Acheni kumwagia simiti ukuta wa mawe matupu

Wiki hii tena nimeambiwa, "fundi, si upige tu simiti kwenye hayo matundu ukuta ushike?" Hapana jamani, hapana. Nimelijibu hili swali mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naandika kuhusu ukuta wa mawe matupu, yaani uliopangwa kwa mawe tu bila udongo wala simiti ya kuyashikanisha.

Nendeni Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe kule Migori, Kenya, mkauangalie ule ukuta. Umekuwepo tangu karne ya 16 hivi, kuna mahali unafika mita 4.5 kwenda juu, unene kama mita moja, mawe hayajachongwa na hakuna hata kiganja cha udongo wa kushikanisha, na watu waliishi mle ndani mpaka katikati ya karne ya 20. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2018. Na tafadhali msiniletee habari za Gede, yale magofu ya pwani, pale ni matumbawe na chokaa, ufundi mwingine kabisa.

Ukuta wa mawe matupu unasimama kwa uzito na msuguano. Unapandisha nyuso mbili, ya nje na ya ndani, katikati unajaza mawe madogo, kila jiwe linakalia kiungo cha mawili ya chini, na urefu wa jiwe unaingia ndani ya ukuta. Hapo kwa urefu ndipo vijana wanapokosea, wanalaza jiwe kando ili uso mpana uonekane, kwenye picha linapendeza lakini halina mkia wa kulishikilia, mvua mbili tu liko chini. Na yale ya katikati yanapangwa kwa mkono moja moja mpaka yabane, siyo kumwaga kokoto na wilibaro halafu unaenda kunywa chai.

Sasa simiti. Maji ya mvua lazima yaingie ukutani, hilo huwezi kulizuia, yanaingia kwa juu na kama nyuma kuna mlima wa udongo yanaingia kwa nyuma pia, na hayo matundu mnayotaka kuziba ndiyo njia yao ya kutokea. Ukiziba, maji yanakaa, udongo wa nyuma unalowa unakuwa mzito unasukuma, na ukuta uliokuwa unahema sasa umefungwa pumzi. Halafu ukuta huu unacheza kidogo kidogo kila ardhi inapovimba na kukauka, mawe yanashuka, yanabana zaidi. Simiti haitaki kucheza, inapasuka, na ikipasuka inang'oka na mawe ya mbele, kipande kizima. Kibaya zaidi inaficha: jiwe lililolegea huwezi kuliona tena mpaka siku linaanguka.

Na unaua uzuri wake. Jioni jua likilala ubavuni mwa ukuta, kila jiwe lina kivuli chake na unaona kabisa lipi linabeba lipi, unausoma mkono wa aliyejenga. Ile milango mifupi ya Thimlich, ya kuinama, na mawe marefu yaliyolazwa juu yake, mimi naweza kuikodolea macho asubuhi nzima.

Vitabu vinasema ukuta lazima uegemee ndani kadiri unavyopanda. Mimi nafuata, lakini nikiona kuta za kale zinavyopinda pinda, nashuku huo mpindo unafanya kazi kubwa kuliko tunavyofundishwa. Na ukuta ukitoa tumbo, hakuna kanuni ya kukuambia kwa uhakika ubomoe au uuache. Mimi nagusa kwanza vijiwe vya kabari, vile vidogo vinavyobana mawe makubwa. Vikiwa vimebana, tumbo ni la zamani, naliacha. Vikitoka kwa vidole, napiga picha, naweka namba kwa chaki, nafungua kutoka juu hadi pale mawe yalipotulia, nayapanga chini kwa safu zake, halafu narudisha yale yale. Kazi ya siku kadhaa, ndiyo, na mfuko wa simiti ubaki stoo.