Je, feza ya msaada huishia kwenye kasiksi (pombe ya ndizi)?

Hapa Bukavu wengi wanaamini hivi: familia maskini ya kijijini ikipewa feza mkononi, baba anaimaliza kwenye kasiksi na jembe linalala. Wasiwasi huo unaeleweka. Mlevi mmoja huonekana na kijiji kizima. Mama anayenunua mbuzi kimyakimya, nani anamwona?

Tafiti za nchi nyingi za Afrika na Amerika ya Kilatini zinaonyesha kwamba matumizi ya pombe kwa kawaida hayapandi, pengine hushuka. Magharibi mwa Kenya, watu waliopewa feza waliezeka mabati na kuongeza mifugo. Mabati si anasa: paa la nyasi hubadilishwa kila mara, na nyasi nazo hununuliwa. Kwangu mimi, kubwa zaidi ni mipango: mtu haachi tena shamba lake kwenda kulima la jirani kwa njaa ya leo.

Feza haitengenezi barabara, kweli.

Ukitaka kuhakikisha, panda vijiji vya Kabare au Walungu, uliza nyumba 10 zilizopata msaada, si moja: mwaka jana mlikuwa na kuku wangapi? Minerval (ada ya shule) ya mtoto ililipwa mwezi gani? Deni la dukani limebaki ngapi? Kisha uliza hayohayo kwa jirani ambaye hakupata kitu.