Mahindi mafupi ya GMO: minong'ono ya Nyamakima, Nairobi, na ukweli wake

"Mahindi yakiwa mafupi, hayo ni GMO."
GMO ni mmea uliobadilishwa jeni maabara. Mahindi ya Katumani ya Ukambani hayajawahi kufikia kimo cha H614 ya Kitale, na zote mbili ni mbegu za kawaida. Hata kampuni ya mbegu ya Bayer, wenye mahindi mafupi ya GMO yaitwayo MON 94804, wana mengine mafupi yasiyo GMO. Ufupi unatafutwa ili upepo usiyalaze shambani.

"Kinachofupisha mmea kitamfupisha na mtoto."
Hii ndiyo nzito, tuikalie. Mmea hurefuka kwa homoni iitwayo jiberelini. Ndani ya MON 94804, kipande kidogo cha RNA (molekuli ya seli inayofanya kazi na jeni) huzima kiasi jeni mbili zinazosaidia kuunda homoni hiyo. Hakuna protini mpya inayotengenezwa, na protini mpya ndiyo mkaguzi huitafuta kwanza akihofia mzio. RNA tunaila kila siku kwenye sukuma wiki, nyama na maharagwe, tumbo huimeng'enya. Mwili wa mtu nao haurefuki kwa jiberelini. Isitoshe, mpunga mfupi uliosambaa Asia tangu mbegu ya IR8 ya 1966 ni mfupi kwa kuwa jeni ya ukoo huohuo haifanyi kazi. Wali wake umeliwa vizazi na vizazi, na sijasikia aliyepungua kimo.

"Panya walishaonyesha ni saratani."
Zile picha za panya wenye uvimbe bado zinazunguka WhatsApp. Zimetoka kwenye utafiti wa Ufaransa wa 2012 kuhusu mahindi ya GMO ya NK603, yanayostahimili dawa ya magugu. Si haya mafupi. Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa GMO Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha likauondoa utafiti: panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi. Marufuku ikakaa hadi Oktoba 2022, serikali ilipoiondoa.

"Yakipita ng'ambo, yamepita na huku."
La. Chini ya sheria ya Kenya ya 2009, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia hupima kila aina peke yake. Virutubishi na viini vya mzio hulinganishwa na vya mahindi ya kawaida. Nani anamiliki mbegu ni swali halali, ila halijibiwi maabara.

"Ya kienyeji hayana shida."
Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya kuvu, iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Ilikuwa kwenye mahindi ya nyumbani yaliyowekwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata ugali uive vipi.